SOMO: Kufuatilia asili ya majina ya ajabu ya ndege za mafunzo

Wengi wakikutana na N3N au SNJ wanadhani ni namba ya kiwanda, wanaachana nayo. Alama hizi zinasomeka. Ila hazikutungwa kueleza ndege tu, zinaeleza pia ni nani aliyeinunua na mwaka gani. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 1. Nakili alama kama ilivyo. Nukta na kistari si mapambo. T.51 yenye nukta ni ya mtindo wa Uingereza: ni ndege ya mafunzo ya Tucano iliyoundwa na kampuni ya Short kwa ajili ya Kenya. T-51 yenye kistari ni ya Marekani: ni Cessna 150 ya chuo cha maofisa wa jeshi la anga. Ukikosea kialama hicho umehama bara.

Hatua ya 2. Tafuta mwenye ndege na mwaka. Kwa Marekani tarehe ya kukariri ni 18 Septemba 1962. Kabla ya hapo jeshi la majini lilikuwa na utaratibu wake na jeshi la anga wake, kwa hiyo ndege moja iliweza kuwa na majina mawili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo utaratibu ukawa mmoja.

Hatua ya 3. Vunja herufi. Hapa ndipo penye utamu. Kwa jeshi la majini la zamani, herufi ya mwanzo ni kazi, namba ni mfano wa ngapi wa kazi hiyo kutoka kiwanda hicho, na herufi ya mwisho ni kiwanda. Chukua N3N: N ya mwanzo ni mafunzo, 3 ni mfano wa tatu, N ya mwisho ni kiwanda cha jeshi la majini lenyewe. Herufi moja, maana mbili! SNJ nayo, isiyo na namba na yenye kazi mbili: S ni upelelezi, N mafunzo, J ni kampuni ya North American. Msitafute J kwenye jina la kampuni, haimo, N ilishachukuliwa.

Hatua ya 4. Fuata ndege, usifuate jina. T-33 iliitwa TF-80C mwaka 1948, ikiwa ni ndege ya kivita ya F-80 iliyorefushwa ili mwalimu apate kiti. Mwaka 1949 ikawa T-33. Jeshi la majini likaiita TO-2, kisha TV-2, kwa sababu herufi ya kiwanda chake, Lockheed, ilibadilishwa kutoka O kuwa V, ya kampuni yake tanzu ya Vega. Mwaka 1962 ikawa T-33B. Ndege ni ileile.

Hatua ya 5. Angalia kama namba imerudiwa. T-1A zipo mbili: SeaStar ya Lockheed, iliyokuwa T2V, na Jayhawk ya miaka ya 1990, ambayo kimsingi ni ndege ya kifahari ya wafanyabiashara.

MASWALI

Mkuu, kwa nini Tucano za kwetu Kenya zimeanzia 51?
Waingereza hujiwekea namba ndogo (Tucano yao ilikuwa T.1), wanunuzi wa nje wakapewa za kuanzia hamsini. Kenya ilichukua T.51, Kuwait T.52. Ndiyo maana hata Hawk za Kenya, ndege nyingine za Kiingereza, zilikuwa Mk 52 (Mk ni toleo), baada ya Mk 51 za Finland.

Harvard, SNJ na T-6 ni moja?
Ndiyo. Harvard ni jina la Waingereza na nchi za Jumuiya ya Madola. T-6 ilikuwa AT-6 hadi mwaka 1948, A ikimaanisha mafunzo ya juu. Lakini T-6 Texan II ya sasa si mjukuu wake: imetokana na Pilatus PC-9 ya Uswisi. Walirudisha jina kwa heshima tu, na mimi naona wametuongezea kazi.

JJ-5 na FT-5 je?
Moja pia. JJ ni Kichina, jianjiji jiaolianji, yaani ndege ya kivita ya mafunzo. FT ni ya kuuzia nje. Vivyo hivyo JL-8 ikiuzwa nje inaitwa K-8, K ya Karakoram, milima ya mpakani mwa China na Pakistan, mshirika wa mradi.

Samahani mwalimu, MiG-15UTI... hiyo UTI si ugonjwa?
Nilijua litakuja. Ni Kirusi: uchebno-trenirovochny istrebitel, ndege ya kivita ya kufundishia. Warusi walikuwa nayo tangu enzi za pangaboi. I-16 ya viti viwili iliitwa UTI-4.