Kuotesha mitende adimu ya baridi hapa Kabale

Nimetoka kumsaidia jirani kuotesha mitende, yaani miti ya jamii ya minazi, ambayo haipatikani kwenye vitalu vya barabarani. Ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya joto la pwani, na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

1. Chagua mtende

Usihangaike na sifa za kuvumilia theluji. Tafuta mtende unaopenda ubaridi mwaka mzima. Anayeanza achukue Trachycarpus fortunei wa China. Mimi moyo wangu uko kwa Ceroxylon quindiuense, mtende wa nta wa milima ya Andes, mti wa taifa wa Kolombia tangu 1985. Hukua polepole sana, lakini huweza kufika mita 60, basi uwe mbali na nyaya za umeme.

2. Pata mbegu

Omba kibali cha kuingiza mimea Wizara ya Kilimo kabla muuzaji hajatuma. Naye aambatanishe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Mtende wa nta uko hatarini huko kwao. Mbegu zisizo na karatasi usiziguse.

3. Otesha

Hapa ndipo wengi hukwama. Mbegu hizi hazitaki kukauka, kwa hiyo zishughulikie siku zinapofika. Pasua moja: ndani pawe peupe na pagumu. Pakiwa na uvundo au utupu, dai zingine. Kipimo cha kuelea majini mimi sikiamini, kwani mbegu nzima nazo huelea.

Kwangua nyama yote ya tunda iliyobaki kwenye mbegu, maana ndiyo chakula cha ukungu. Loweka siku 2 au 3, ukibadilisha maji kila siku. Chemsha mchanga wa mto wenye chembe kubwa, uache upoe, uchanganye na mbegu ndani ya mfuko safi wa plastiki. Unyevu uwe kiasi kwamba ukiufinya mchanga kiganjani, maji hayadondoki. Ukizidi, mbegu huoza kabla hujajua.

Kisha joto. Utaambiwa nyuzi 30. Kwa minazi sawa. Kwa mtende wa nta ni hasara. Huo unataka nyuzi 15 hadi 20, yaani chumba cha kawaida cha huku, mbali na jiko na mbali na paa la mabati. Fungua mfuko kila wiki upate hewa, utoe iliyooza. Trachycarpus huchukua miezi michache. Wa nta huweza kuchelewa zaidi. Usimwage mfuko kwa sababu kumekuwa kimya.

4. Hamishia kwenye kiriba

Kiriba, yaani mfuko wa kukuzia miche, kiwe kirefu, kwani mzizi hushuka kwanza. Natumia udongo wa msitu na kokoto nyepesi za volkano kutoka Kisoro, maji hayatuami.

5. Panda

Mche ukishakuwa na majani kadhaa, subiri mvua za Septemba. Upande kivulini mwa migomba, na usifukie shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi.