Kupunguza joto chini ya boneti ya gari la turbo: anza na turbo, kisha itafutie hewa njia ya kutoka

Kijana mmoja aliniletea gari lake la turbo baada ya kubadilisha rejeta, feni na intakula (kile kipozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo). Bado, likikaa kwenye foleni dakika kumi halafu akakanyaga mafuta, linakuwa zito. Rejeta haikuwa na kosa lolote. Joto la maji lilikaa pale pale pa kawaida siku nzima. Kilichokuwa kinapanda ni joto la hewa inayoingia kwenye injini, na kifuniko cha kopo la oili ya breki, lililo karibu na paipu ya eksozi, kilikuwa kimeshaanza kupinda. Injini kuchemsha ni jambo moja, joto kunasa chini ya boneti ni jambo jingine, na dawa zake hazifanani. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Chomeka kifaa cha kusomea OBD, yaani soketi ya kompyuta ya gari, na usome joto la hewa inayoingia mara tatu: ukiwa kwenye mwendo, ukiwa kwenye foleni, na dakika kumi baada ya kuzima injini ya moto. Andika kwenye karatasi. Hewa ikipanda nyuzi 10 inapungua uzito kwa takriban asilimia 3, na kompyuta ya injini nayo hurudisha nyuma muda wa plagi kuwasha ili kujilinda. Hapo ndipo nguvu zinapokwenda.

Bastola ya kupimia joto kwa mwanga usiiamini kwenye chuma kinachong'aa, maana inasoma chini mno. Mimi natumia kipimajoto cha waya wa aina ya K, ninaufunga mahali ninapopahofia kisha naendesha.

Hatua ya 2: Maliza uvujaji

Oili inayodondoka kwenye kitambaa cha kuzuia joto inafyonzwa, na siku eksozi ikipata moto kweli inawaka. Kwa hiyo badilisha gasketi ya kifuniko cha juu cha injini na washa (zile pete bapa) za paipu ya oili ya turbo kwanza. Kagua pia gasketi ya manifoldi, yaani paipu zinazokusanya moshi kutoka kwenye injini: ukiona masizi meusi pembeni yake, moshi wa moto unapulizwa moja kwa moja chini ya boneti, na hakuna blanketi litakalokusaidia.

Hatua ya 3: Funika turbo na paipu yake

Moshi unaoingia kwenye turbo ya injini ya petroli iliyobanwa sana unaweza kupita nyuzi 900. Joto linalorushwa na chuma hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto yake halisi, kwa hiyo ukishusha uso wa nje kutoka nyuzi 700 hadi 400, joto linalorushwa linabaki chini ya robo. Ndiyo maana hela yangu ya kwanza huenda kwenye blanketi la turbo kabla ya kitu kingine chochote.

Blanketi linavaa upande wa eksozi tu. Upande wa hewa na kitovu cha katikati viache wazi. Paipu inayotoka kwenye turbo izungushie utepe wa mawe ya basalti, kila mzunguko ukilalia uliotangulia kwa milimita 6 hivi, uvutwe kwa nguvu, ufungwe kwa vifungo vya chuma kisichoshika kutu. Mara ya kwanza utatoa moshi kidogo, usishtuke. Manifoldi siifungi utepe. Chuma kikifungiwa joto lote namna hiyo hupasuka, na utepe ukiloa unakaa na unyevu unaoleta kutu. Manifoldi naipeleka kupakwa rangi ya seramiki, ndani na nje.

Hatua ya 4: Ngao

Bati la alumini kati ya turbo na nyaya, mipira na paipu za breki, likiachwa na nafasi ya sentimita 1 au 2 pande zote mbili. Lisiguse turbo, maana alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Karatasi ya kunata ya rangi ya dhahabu bandika kwenye kitu unachokilinda, kamwe si kwenye kile kinachotoa joto.

Hatua ya 5: Itafutie hewa njia ya kutoka

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipopoteza wikendi mbili. Kila mtu alikuwa ananiambia niweke washa kwenye bawaba ili boneti inyanyuke upande wa kioo cha mbele na joto litoke. Niliweka. Kwenye foleni niliona mvuke wa joto ukipanda, nikafurahi. Nikaingia barabara kuu, na kwenye kilomita 100 kwa saa joto la hewa inayoingia halikushuka hata nyuzi moja, na harufu ya oili ya moto ikaanza kuingia ndani ya gari. Nikaongeza washa. Harufu ikazidi.

Sababu yake ni hii: gari likikimbia, hewa hugonga kioo na kurundikana chini yake, na mgandamizo hapo unapanda. Watengenezaji wa magari wanalijua hilo, ndiyo maana tundu la kuingizia hewa safi ndani ya gari huwekwa hapo hapo. Nilikuwa nimefungua mlango pale upepo unapoingilia.

Usikate boneti kabla ya kupima. Chukua mrija laini unaoona ndani, uukunje kama herufi U kwenye kipande cha ubao, uweke maji yenye rangi, na uchore mistari ya milimita kwa kalamu. Ncha moja ipitishe chini ya boneti, mbali na feni. Ncha ya pili ipeleke juu ya boneti chini ya kisahani chembamba cha plastiki chenye tundu dogo katikati, ukibandike kwa gundi ya karatasi kikiwa kimelala kabisa. Kikiinuka, kinakusomea upepo badala ya mgandamizo. Chagua siku tulivu na barabara iliyonyooka, dereva ashike mwendo mmoja, na msomaji awe abiria. Dereva asisome, tafadhali.

Maji yakipanda upande wa ncha ya juu ya boneti, nje kuna mgandamizo mdogo kuliko ndani, na hewa itatoka hapo. Kwenye kilomita 100 kwa saa, nguvu yote ya upepo ni kama milimita 47 za maji, kwa hiyo tofauti ya milimita 15 au 20 ni kubwa na utaiona kwa macho. Kwenye gari la kijana yule, sehemu iliyo nyuma tu ya ukingo wa mbele wa boneti ilivuta vizuri, katikati ikavuta kidogo, na karibu na kioo maji yakasukumwa upande wa pili. Tukakata matundu mbele, nyuma ya rejeta, yenye mapezi yanayoelekea nyuma. Mvua inaingia, ndiyo, kwa hiyo weka kinga juu ya koili za plagi.

Jambo moja la haki: kama gari lako linaishi kwenye foleni na halikimbii kamwe, boneti iliyonyanyuliwa nyuma inasaidia kweli. Ila usitegemee chochote kwenye mwendo kasi.

Kava ya chini ya injini usiitoe. Wengi huitoa wakidhani wanapitisha hewa, kumbe wanaongeza mgandamizo chini ya injini na kuzuia hewa inayopita kwenye rejeta isitoke.

Hatua ya 6: Ziba pembeni mwa rejeta

Kwa sifongo ngumu, ili hewa ipite ndani ya rejeta, isiikwepe.

Hatua ya 7: Rudia vipimo

Vile vile vitatu, kwenye karatasi ile ile. Kisha baada ya kilomita 100 fungua boneti injini ikiwa imepoa, kagua kama kuna doa la oili kwenye utepe, na ukaze upya vifungo vya chuma, kwa sababu utepe hulegea ukishapata moto mara kadhaa.