Namna ya kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza, bila kumuumiza na bila mlezi kuumia mgongo

Mzee aliyepooza kwa kiharusi, au aliyevunjika nyonga akawa wa kulala tu, anaweza kuanza kupata kidonda cha mgandamizo ndani ya saa chache. Ngozi inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa kwa ndani kabla hujaona kitu kwa nje. Mimi ni muuguzi wa majumbani, na ninakoona vidonda hivi mara nyingi si kwenye familia zisizojali. Ni kwenye nyumba ambayo binti mmoja, au mkwe mmoja, ameachiwa kila kitu. Ndiyo maana naanza na watu kabla ya mito.

Hatua ya 1: Gawaneni saa

Mzee hugeuzwa kila baada ya saa 2. Chukueni daftari mwandike: saa 12 asubuhi chali, saa 2 ubavu wa kulia, saa 4 ubavu wa kushoto, saa 6 chali tena, na kuendelea hivyo. Mbele ya kila saa liwepo jina la mtu. Mkiandika "familia" mjue ni yule yule binti. Kijana anayerudi shule jioni anaweza kushika saa 12 na saa 2 usiku. Aliye mbali apangiwe kitu kinachotajika: pampasi za mwezi, au posho ya mtu wa kumpokea mlezi siku moja nzima kila wiki. Pigeni picha ukurasa huo muuweke kwenye grupu la familia la WhatsApp. Kuhusu usiku, muulizeni muuguzi anayemfahamu mgonjwa. Ngozi ikiwa salama na godoro likiwa zuri, anaweza kuruhusu muda uongezwe ili watu walale.

Hatua ya 2: Mwambie kabla hujamgusa

"Shikamoo bibi. Nakugeuza upande wa dirishani sasa." Hata kama hajibu, mara nyingi anasikia, na mwili wa mtu aliyeshtuliwa hukakamaa ukawa mzito zaidi. Msitiri kwa kanga muda wote. Kama ni baba na anaona haya kusafishwa na binti yake, mwiteni mwanawe wa kiume au mjukuu. Heshima hiyo ni sehemu ya matibabu.

Hatua ya 3: Mgeuze

Tuseme analala chali na unataka alalie ubavu wa kulia.

Awe juu ya shuka iliyokunjwa mara mbili, kutoka mabegani hadi mapajani. Mkiwa wawili, kila mmoja akunje ukingo wa shuka mpaka karibu na mwili wake, hesabuni "moja, mbili, tatu," kisha mmnyanyue kidogo kumsogeza upande wa kushoto wa kitanda. Msimburute. Kumburuta kunachuna ngozi ya mzee, ambayo ni nyembamba mno.

Sasa simama upande wake wa kulia, ili akigeuka aje kwako na asianguke. Weka mkono wake wa kushoto juu ya kifua. Kunja goti lake la kushoto. Shika bega la kushoto kwa mkono mmoja na nyonga ya kushoto kwa mwingine. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti yako, nyoosha mgongo, kisha rudi nyuma na uzito wako ukimvuta. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza. Bega lake linaweza kuteguka.

Hatua ya 4: Panga mito

Mto mmoja nyuma ya mgongo, alale mshazari asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwingine kati ya magoti. Akiwa chali, weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani. Usitumie kata wala mpira wenye tundu katikati: unabana damu pembeni.

Hatua ya 5: Kagua ngozi kila unapogeuza

Angalia kisogo, mabega, viwiko, juu ya makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: pametoa joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelainika isivyo kawaida? Pameiva rangi ya zambarau? Hapo pasilaliwe tena mpaka parudi kawaida, na pasichuliwe. Kuchua kunaharibu nyama iliyokwisha kudhoofika.

Mkojo ukimwagika, safisha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kidogo.

Hatua ya 6: Mkague na mlezi

Muulize amelala saa ngapi, mgongo ukoje. Akianza kumfokea mgonjwa au kulia peke yake jikoni, amechoka; apumzishwe leo, si mwisho wa mwezi.

Hatua ya 7: Wakati wa kwenda hospitali

Ngozi ikichanika, ikitoa usaha au harufu, ikigeuka nyeusi kuliko kawaida yake, au mzee akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kwa walio Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bure. Ulizeni utambulisho wake serikali ya mtaa au kijiji mapema, kabla ya dharura, na mkifika hospitali ulizeni dirisha la wazee.