Tarehe za barua za kale: ziache zilivyo

Kama unaziingiza kwenye kompyuta barua za kale za pwani, zile za herufi za Kiarabu kutoka Zanzibar, Lamu au Mombasa, usikimbilie kugeuza tarehe za Hijria kuwa za Miladia. Weka safu mbili kwenye jedwali: moja ya tarehe kama mwandishi alivyoiandika, nyingine ya hesabu yako. Ile ya kwanza usiiguse kamwe.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11, na hauanzi pamoja na Januari yetu. Barua yenye "1300" peke yake yaweza kuwa ya mwisho wa 1882 au ya 1883. Tena siku ya Kiislamu huanza magharibi, na mwezi hutegemea kuandama, kwa hiyo hata hesabu makini hupishana siku moja au mbili. Andika "1882–1883" bila kuona haya. Ni kweli zaidi kuliko tarehe kamili ya kubuni.

Halafu, ukitumia Excel, programu ya majedwali, haitambui tarehe za kabla ya 1900. Kwa hiyo tarehe ya hesabu yako itenge mwaka, mwezi na siku katika safu tatu za namba za kawaida, na barua zitapangika kwa mfuatano.