Somo: Meno yasiyokutana vizuri, ubaya wa hali na ugumu wa tiba

Wanafunzi wengi huchanganya maswali mawili: mgonjwa anahitaji tiba kiasi gani, na tiba yenyewe itakuwa ngumu kiasi gani? La kwanza hujibiwa na IOTN, kipimo cha uhitaji wa tiba ya kupanga meno kilichotolewa Uingereza mwaka 1989; madaraja yake ni 1 hadi 5, na la 5 ndilo lenye uhitaji mkubwa zaidi. ICON, kipimo kingine cha mwaka 2000 kinachotumia alama, hujaribu kujibu yote mawili.

Hatua ya 1. Hesabu meno kabla hujashika rula. Jino la chonge la juu limetoka upande mmoja, la pili halionekani? Papasa fizi, omba eksirei. Jino lililokwama humpeleka mgonjwa daraja la 5 papo hapo, isipokuwa magego ya mwisho.

Hatua ya 2. Mgonjwa aume kama kawaida. Pima meno ya mbele ya juu yamejitokeza mbele ya yale ya chini kwa kiasi gani. Zaidi ya mm 6 hadi 9 ni daraja la 4. Zaidi ya 9 ni la 5. Rula ilale sambamba na usawa wa kung'atia. Ukiiinamisha kidogo tu, mgonjwa wa mm 6 anapanda daraja bila sababu.

Hatua ya 3. Endelea na meno yanayoumana kinyume, yaliyosongamana, kisha mkutano wa juu na chini. Usijumlishe! Katika IOTN, kasoro moja iliyo mbaya kuliko zote ndiyo inayotoa daraja.

Hatua ya 4. ICON ndiyo inayojumlisha: alama ya kila kipengele huzidishwa kwa uzito wake. Mwonekano hupimwa kwa kumlinganisha mgonjwa na picha 10 zilizopangwa kutoka ya kuvutia zaidi hadi ya kuvutia kidogo kabisa. Mfano: mwonekano, picha ya 5, 5 × 7 = 35; msongamano wa juu 1 × 5 = 5; kuumana kinyume 0; meno ya mbele ya juu kuyafunika ya chini kwa wima 2 × 4 = 8; mkutano wa pembeni, mbele kwa nyuma, 2 × 3 = 6. Jumla 54. Ukivuka 43, tiba inahitajika. 51 hadi 63 ni ugumu wa wastani.

Maswali ya wanachama

*Daktari, mgonjwa wangu ana chonge moja ya juu iliyokwama, mengine yote safi. IOTN inasema 5, ICON naipata 39. Nimfuate nani?*

Hesabu yako ni sahihi: 25 za jino lililokwama (5 × 5, kwenye kipengele cha msongamano wa juu) na 14 za mwonekano (2 × 7). Lakini mfuate IOTN. Jino hilo linaweza kula mzizi wa jirani yake huku mwonekano ukiwa mzuri tu. Hata ugumu hapo ICON imeupunja, maana huenda kukahitajika upasuaji wa kulifichua na miezi mingi ya kulivuta.

*Nikikosa picha inayofanana na mgonjwa kati ya zile 10?*

Hutafuti pacha wake. Linganisha mvuto, si mpangilio wa jino kwa jino. Ila tulia hapo, mwenzangu: ngazi moja ya picha ni alama 7, uzito mkubwa kuliko wa kipengele kingine chochote. Ukisitasita kati ya ngazi mbili, mwombe mwenzako apange bila kuona jibu lako.