Kuzuia Pistoni Kushika Baada ya Kukarabati Injini ya Mipigo Miwili

Kabla fundi hajaanza kuunganisha injini ya pikipiki yako, mwombe pistoni ya zamani uiangalie mwangani. Mikwaruzo iliyo upande wa eksozi huonyesha joto lililopita kiasi. Iliyo upande wa kabureta huonyesha vumbi au upungufu wa oili. Na alama nne zilizoachana kuizunguka pistoni mara nyingi huonyesha kwamba injini ilikimbizwa ikiwa bado baridi, au kwamba nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ilikuwa ndogo mno. Ukifunga pistoni mpya bila kujua kilichoiua ya kwanza, nayo itashika, yaani kukwama ndani ya silinda, vivyo hivyo.

Nunua pistoni kwanza, kisha ipelekwe pamoja na silinda kwa fundi wa kuchonga, kwa sababu pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 (yaani zilizozidi kipimo cha awali kwa nusu milimita) zinaweza kutofautiana kidogo. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na hiyo ndiyo sababu injini nyingi ndogo zinazopozwa kwa hewa huhitaji nafasi ya takriban milimita 0.04 hadi 0.06, kipimo kilicho chembamba kuliko unywele. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kitakachotoa kipimo kamili, na fundi apime kwa maikromita, si kwa kusukuma pistoni kwa kidole na kusema inateleza vizuri. Silinda ikishachongwa, kingo za matundu yake zilainishwe kwa tupa ndogo au msasa, la sivyo ringi zitakwaruzwa kila zinapopita.

Kusafisha silinda ni kazi inayodharauliwa sana. Petroli huondoa mafuta lakini huacha vumbi la kuchongea ndani ya mistari ya ukuta. Sugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kausha, paka oili, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia mpaka kibaki cheupe. Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee eksozi, ncha za kila ringi zikae kwenye pini yake ndogo, na klipu zinazozuia pini kubwa ya pistoni isitoke ziwe mpya.

Hewa inayoingia kwa njia ya wizi, yaani kupitia penye kuvuja, huharibu kazi nzuri kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa hufanya petroli kuwa haba, na petroli ndiyo inayobeba oili na kupoza pistoni. Badilisha sili zote mbili za krenki hata kama zinaonekana nzima. Ukiweza, ziba eksozi na njia ya kabureta, jaza hewa hadi pauni 6 tu kwa inchi ya mraba, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye sili. Usizidishe, kwani sili zinaweza kuchomoka.

Kwa upande wa oili, nitasema jambo ambalo wakazi wa Kisumu hasa wanapaswa kulizingatia. Oili ya mashine za boti inayouzwa karibu na ziwa imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, na haifai injini ya pikipiki inayopozwa kwa hewa. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili ya mipigo miwili. Kwa uwiano wa 1:50, kila lita ya petroli huchukua mililita 20. Bomba la sindano kutoka duka la dawa hupima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Changanya kwenye mtungi safi na utikise kabla ya kumimina. Kuongeza oili kupita kipimo cha kitabu si ulinzi, kwa sababu oili hiyo huchukua nafasi ya petroli. Pikipiki yenye pampu ya oili, kama Yamaha AG100, itolewe hewa kwenye pampu, na tangi la kwanza lichanganywe hata hivyo.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban mita 1,150. Kabureta iliyorekebishwa Nakuru ikifika Kisumu hukutana na hewa nzito zaidi, na mchanganyiko huwa na petroli haba. Pikipiki yangu ilishika nikiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, siku tatu baada ya kukarabatiwa, nami nilikuwa nimefunga akseleta kwa muda mrefu ilhali injini ikizunguka kwa kasi. Tulipoifungua, alumini ilikuwa imepakwa ukutani mwa silinda kama rangi ya fedha, na ringi ya juu imefukiwa kwenye mfereji wake. Kwenye mteremko mrefu, fungua akseleta kidogo kila baada ya sekunde chache ili oili iingie. Ukishuka kwenda kukaa Kisumu, angalia plagi: kahawia ni salama, nyeupe yadai jeti kuu (kipande cha kabureta chenye tundu la kupitishia petroli) kubwa zaidi.

Siku ya kwanza, washa injini hadi silinda iwe moto, izime, iache ipoe kabisa, na ufanye hivyo mara tatu kabla ya kuiendesha. Kwa kilomita 500 za mwanzo usizidi nusu ya akseleta, usibebe abiria, na ubadilishe mwendo mara kwa mara. Weka vidole viwili kwenye klachi. Ukihisi injini inavutwa nyuma kana kwamba breki imeshikwa, kamata klachi papo hapo ili gurudumu la nyuma lisikwame, kisha sogea kando ya barabara. Injini ikipoa, usiiwashe. Fungua eksozi na umulike pistoni kwa tochi kupitia tundu lake.