Hadithi na katuni za mtoto anayependa hesabu

Nashona sare za shule hapa Umoja, na binti yangu wa gredi ya 4 ndiye hunipigia hesabu ya marinda: kiuno sentimita 60, mara 3, kitambaa sentimita 180 kabla ya mshono. Muhula uliopita aliacha ghafla. Nilipomdadisi, akasema kwenye katuni fulani mtoto wa hesabu hana rafiki, akifungua mdomo tu anachekwa. Iliniuma sana.

Sasa kipindi kipya tunatazama pamoja kwanza. Kagua kama hesabu inawatoa watu kwenye shida, au ni ya kumpambia mtoto wa miwani tu. Kagua pia kama huyo mwenye hesabu ana marafiki, na kama hukosea akajaribu tena. Anayepata jibu papo hapo kila mara simpendi; mtoto atadhani hesabu ni uchawi wa kuzaliwa nao.

Anza na Ubongo Kids, katuni za Tanzania zilizoanza mwaka 2014. Ni za Kiswahili, na hesabu huimbwa. Aliye mdogo mwekee Akili and Me. Mkubwa kidogo mtazame naye Hidden Figures, filamu ya 2016 kuhusu Katherine Johnson, mama Mwafrika wa Marekani aliyepiga hesabu za safari za anga. Mwaka 1962, kabla ya mwanaanga John Glenn kurushwa kuizunguka dunia, Glenn alitaka huyo mama ahakiki hesabu za kompyuta. Binti yangu aligeuka akaniuliza, "Mama, walimwamini yeye kuliko mashine?"

Umeme ukipotea, simulia ile ya ngamia 17. Baba amefariki, ameusia mwanawe mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, wa mwisho sehemu moja ya tisa, na asichinjwe ngamia hata mmoja. Kwa kawaida anayewaamua ni mzee mwenye busara. Mimi namfanya msichana, anatokea akimvuta ngamia wake. Ukifika hapo, nyamaza. Mmwagie mtoto vifungo 17 mezani, na usimsaidie hata akinuna.

Wangu alihangaika mpaka chai ikapoa. Halafu akachukua kifungo kimoja kwenye kopo langu, vikawa 18. Akatenga 9, akatenga 6, akatenga 2. Kikabaki kimoja, akakitazama, akanisukumia.

"Mama, hiki ni chako."